Kriketi: mpira haukabwi, unashikwa kwa ncha za vidole

Mkuu, umesema mpira wa ngozi unakudondokea katikati ya pichi (ule ukanda wa kurushia), kiganja kinakaza baada ya ova tatu (ova moja ni mipira sita), na mdogo wako wa miaka 12 naye ana shida hiyohiyo, wakati ule wa tenisi mlikuwa mnautuma mnakotaka. Nimepita hapohapo. Nilianzia kwenye changarawe kule Nyegezi, Mwanza, na mpira wa tenisi tuliouzungushia utepe. Siku niliyopewa wa ngozi, wenye gramu 156 hadi 163, karibu mara tatu ya ule niliouzoea, niliukaba kwa nguvu zangu zote nikiogopa utaniponyoka. Msimu mzima ulipita hivyo.

Ukiukaba, misuli ya mkono kuanzia kwenye kiwiko inakaza na kifundo cha mkono kinafunga. Mpira unachelewa kutoka, na ukichelewa unakwenda chini: unadunda mbali na mpigaji, anapata muda wa kuutazama na kuupiga anavyotaka. Kibaya zaidi, hofu inausukuma mpira ndani ya kiganja. Warushaji wazoefu huufukia mpira kiganjani makusudi wakitaka uende polepole wamhadae mpigaji. Wewe unafanya hivyo kila mara bila kukusudia, halafu unashangaa kasi imekwenda wapi.

Kilichonifungua ni mshipi wa kuvulia samaki. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, samaki wake akiwapeleka soko la Mwaloni Kirumba, na tukiwa mtumbwini alinikataza kabisa kufumba ngumi. Mshipi unaulaza juu ya kidole cha shahada, dole gumba linaugusa tu, ndipo sangara akigonga chambo unamsikia. Jioni moja mazoezini nikaukumbuka mkono ule, nikaushika mpira vilevile.

Kwa mpira wa kasi, shahada na cha kati vikae huku na huku ya mshono (ule uzi ulioinuka kuuzunguka mpira), dole gumba chini, ubavu wake ukigusa mshono. Kati ya mpira na kiganja paonekane mwanga. Vidole viwili vya juu vibane sawasawa. Shahada ikizidi, mshono unayumba hewani. Chora mstari wa kalamu juu ya mshono, mwambie mwenzako asimame nyuma ya wiketi (vile vijiti vitatu vya nyuma ya mpigaji) autazame: ukija umesimama wima, umepata. Kipimo kingine: ushike kama unataka kurusha, mwenzako auvute. Utoke kwa ubishi kidogo. Ukigoma, legeza. Ukidondoka wenyewe, umezidisha.

Wa kuzungusha kwa vidole ni habari nyingine kidogo. Pale vidole vinatanuliwa kukatiza mshono na shahada inabana kwelikweli, kwa sababu ndiyo inayouzungusha. Hata hivyo kifundo kinabaki laini.

Jasho nalo linatukabisha. Mchana wa Mwanza kabla upepo wa ziwani haujaingia, viganja vinalowa na mtu anabana zaidi bila kujua. Weka kitambaa kikavu kiunoni ujifute mikono kabla ya kila mpira. Na msizoee kuupaka mate ili ung'ae. ICC, baraza la kriketi la kimataifa, ilipiga marufuku mwaka 2020, ikaifanya ya kudumu 2022. Jasho linaruhusiwa.

Kuhusu mdogo wako, nakuomba sana usimlaumu. Kama anatumia mpira wa wakubwa, vidole vyake havifiki, lazima aukumbatie kwa kiganja. Kwa umri wake kuna mpira wa gramu 133 hadi 144, na mzingo wake ni mdogo pia. Mkiukosa, mrudishie wa tenisi wenye utepe, umfundishe vidole kwanza. Arushe akiwa amesimama, hatua chache tu kutoka kwako, bila kukimbia, na usimwambie neno lolote kuhusu kasi mpaka mshono uwe unakuja wima.