Usiunge meza ya nje kwa mbao ulizoambiwa tu kwamba ni kavu

Mkuu, Jumamosi usianze kazi. Umeuliza vipimo vya meza ya nje na mabenchi yake, misumari au boliti, vanishi gani, tundu la mwavuli na bei ya fundi, lakini kilichonishtua ni pale ulipopita haraka haraka: mbao za paini zimeshushwa jana kutoka Mafinga, zimelala uani, na muuzaji kakuhakikishia ni kavu. Uko Dodoma, nami niko Dodoma, na kiangazi ndiyo kwanza kimeanza. Ukiiunga hiyo meza na mabenchi yake wikiendi hii, itaanza kuachia kabla hujamaliza kuwaonyesha majirani.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na muuzaji nilipotengeneza meza kama hiyo. "Kavu hizi bosi, zimekaa stoo muda mrefu." Nilipouliza mara ya pili akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akaniambia nisikilize mlio. Mlio! Ubao mbichi nao ukigongwa unalia. Yule bwana alijua anachouza. Mbao zilikuwa baridi mkononi, nzito kupita kiasi, na unga wa msumeno uliganda kwenye vidole badala ya kupeperuka. Dalili zote zilikuwa pale, na yeye anaongea juu yake ili nisizione. Hadi leo nikipita pale damu inachemka.

Fundi naye akamalizia. Akasema tuzibane mbao za juu zigusane ili makombo yasidondoke, tupige vanishi siku hiyo hiyo, "vanishi itafunga kila kitu". Tukafunga. Ndani ya wiki chache kati ya ubao na ubao kidole kinapita. Mbao za pembeni zikajikunja hadi glasi inainama. Mguu mmoja ukajisokota, meza ikawa inasimama kwa mitatu. Nati zilizokazwa kwa spana nikawa nazizungusha kwa mkono. Kisha benchi likapasuka kutoka kwenye tundu la boliti hadi mwisho wa ubao, watu wamekaa juu yake. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mbao za juu na za mabenchi nilinunua upya zote, na fundi nikamlipa mara ya pili.

Sasa elewa kwa nini, maana hapa ndipo wauzaji wanapotushinda. Maji ndani ya mti yako sehemu mbili: mengine yamejaa kwenye vijitundu vyake, mengine yameloanisha kuta za vijitundu hivyo. Ya kwenye vijitundu hutoka mwanzo, na yakitoka ubao unapungua uzito tu, umbo halibadiliki. Ndiyo maana unauona umenyooka na juu mkavu, ukadhani kazi imekwisha. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta zinaanza kukauka, na hapo ndipo ubao unaposinyaa. Ubao wa paini wa inchi 6 unaweza kupoteza milimita 3 hadi 6 za upana, kutegemea ulivyochanwa kwenye gogo. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Sasa fikiria ule ubao wa chini unaopita kukatiza mbao zote za juu: wenyewe haufupiki, huku zile ulizozifunga juu yake zinajivuta ziwe nyembamba. Boliti zinazishika, mbao zinataka kusinyaa. Lazima zipasuke.

Na hata muuzaji asipokudanganya, bado una tatizo. Msitu wa Sao Hill, zinakotoka mbao za Mafinga, uko Mufindi, kwenye baridi na ukungu. Ubao uliokaa kule miezi mingi unaweza kuwa mkavu kwa hewa ya kule, ila upepo wa Dodoma ukiupata utaendelea kuunyonya. Kwa hiyo neno "kavu" kutoka Mafinga halikusaidii kitu hapa. Pima mwenyewe.

Kupima si kazi. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, maana ncha hukauka kwanza na zitakudanganya. Pima kwenye mizani ya jikoni ya gramu, andika uzito kwa penseli juu yake. Kiweke kwenye oveni, joto lizidi nyuzi 100 kidogo tu, ukipime kila baada ya muda mpaka uzito ukome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye ule wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kikianza na gramu 260 kikaishia 200, ubao wako una unyevu wa asilimia 30, yaani balaa lote bado liko mbele yako. Kwa hapa kwetu usiguse msumeno kabla hujafika asilimia 15, na 12 ndiyo raha. Huna oveni? Chagua ubao mmoja mzima, upime kila wiki, usubiri mpaka uzito usimame. Shemeji yangu alicheka alipokuta ubao juu ya mizani. Acheke, meza anayokulia nyama choma akija kwangu haiyumbi.

Wakati unasubiri usiziache zimelala chini hivyo. Ziinue juu ya matofali, chini ya kivuli penye upepo. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya inchi moja kila baada ya futi mbili, vijiti vya juu viwe wima sawa na vya chini, na juu kabisa weka uzito ili zisipinde. Ncha zipake rangi yoyote iliyobaki nyumbani, zisikimbie kukauka kuliko katikati zikapasuka. Usizifunge turubai pande zote, utazipikia ukungu na yale madoa ya bluu ya paini. Usizianike juani pia. Za unene wa inchi 2 zitachukua wiki kadhaa, pengine miezi. Mizani ndiyo itakayokuambia.

Ukiwa unazipanga, zichambue. Ubao wenye moyo wa mti, vile viduara vidogo kabisa vinavyoonekana kwenye ncha, utoe kando hata kama umenyooka kama rula leo. Huo ndio unaojisokota. Utumie kwenye kazi nyingine, si miguu ya meza.

Na kama walikuuzia za kijani wakasema zina dawa, kata moja uangalie ndani. Rangi ikiishia juu juu, umeuziwa rangi. Ikiwa ni dawa ya kweli ya shaba, kromu na aseniki, usiifanye sehemu ya kulia chakula, na vipande vyake visiingie jikoni wala kwenye jiko la nyama. Moshi na majivu yake ni sumu.

Boliti, ndiyo, za chuma kisichoshika kutu, na washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu, pande zote mbili. Matundu yawe mapana kidogo kuliko boliti. Acha milimita 5 kati ya mbao za juu, maji ya mvua yapite. Kimo cha meza kutoka chini inchi 30, benchi 18, watu wazima wanakaa vizuri. Vanishi isubiri mbao zikauke, maana ikipigwa juu ya unyevu inababuka na kubanduka.

Kata kipande chako leo jioni kabla fundi hajaja kukuharakisha. Ukipata uzito wa kwanza na wa mwisho, ziweke hapa namba zote mbili, nitakupigia hesabu mwenyewe.