Mungu wa Sura Nyingi: kifo ni zawadi, mbona kinalipiwa?

SWALI: Anko habari za kazi. Mimi tamthilia ya Game of Thrones ndo naiangalia mwaka huu, wenzangu walishamaliza zamani, nimefika pale yule binti Arya anaingia kwenye lile hekalu la mji wa Braavos nikakwama. Wanasema mungu wao, huyo wa Sura Nyingi, ni mmoja ila mle ndani masanamu kibao, halafu eti kifo ni zawadi. Zawadi gani ya kumwekea mtu sumu? Mimi nasema ile ni dini kweli, mke wangu anasema ni wauaji wa kukodi wamejificha kwenye dini. Tuamue. — Msomaji, Morogoro

JIBU: Shemeji hajakosea sana, ila tuanze mbali kidogo maana kwenye tamthilia wamepita juujuu, mambo yenyewe yako kwenye kitabu cha 4 cha ule mfululizo wa George R. R. Martin uliozaa tamthilia, cha 2005.

Kabla ya Braavos kulikuwa na dola ya Valyria, na utajiri wake ulitoka migodini, chini ya milima ya moto. Walioshushwa kule ni watumwa waliotekwa kila kona, joto kali, hewa mbovu, kila mtu analia kwa lugha yake na kumuomba mungu wake. Sasa akatokea mmoja, jina lake hatuambiwi, akawa anasikiliza zile dua, akaona mbona hawa wote wanaomba kitu kilekile, mateso yaishe. Akasema basi hao miungu ni mmoja tu, sura ndo nyingi. Usiku uleule akamchukua mtumwa aliyekuwa anaomba kwa uchungu kuliko wote, akamuua. Zawadi ya kwanza hiyo.

Arya kusikia hivyo akaja juu, si angeua mabwana! Mzee wa hekalu akamwambia mabwana nao zawadi yao ilikuja kuwafikia, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Mi hapo ndo nilimuelewa huyu mungu, ukimtazama ukiwa umekaa kwenye kochi na chai yako utamuona katili, mtazame ukiwa kule chini shimoni.

Masanamu sasa. Yako 30, kila mtu anaenda kwa wake, vikongwe wanamwashia mishumaa Mwanamke Anayelia, matajiri wanaenda kwa Simba wa Usiku, maskini kwa Msafiri aliyejifunika kichwa. Katikati kuna kidimbwi cha maji meusi, aliyechoka na dunia anachota kikombe, anakunywa, anaenda kujilaza pembeni kimyakimya na hakuna anayemdai kitu.

Usimchanganye mungu huyo na Izraili wetu lakini, Izraili ni malaika, anatumwa. Wanaotumwa pale Braavos ni watumishi wa hekalu, ndo hao wanaoua, na hawaruhusiwi kujichagulia wa kumuua. Arya alipoua mtu wa kwenye orodha yake mwenyewe ya anaotaka kulipiza kisasi akapofushwa macho (samahani kama hujafika hapo, ushaharibiwa). Muuaji wa kukodi wa kawaida nani angempofusha kwa kosa hilo? Hapo pointi yako.

Ya shemeji ni hii: ukitaka afe mtu MWINGINE, unalipa. Na bei haiko ubaoni, wanaangalia wewe una nini na kipi kitakuuma, kuna baba kwenye kitabu alitoa mali na binti yake juu. Dini iliyoanzia kwa watumwa wasio na hata shati leo inachukua mtoto wa mtu kama malipo, mi hilo halijawahi kunikaa sawa. Kwa hiyo dini ni ya kweli ndugu yangu, ila mkeo kaisoma risiti.

SWALI: Ule msemo wa Game of Thrones, Valar Morghulis, maana yake nini na mtu akikwambia unajibuje? — Msomaji, Kahama

JIBU: "Watu wote lazima wafe." Unajibu Valar Dohaeris, "watu wote lazima watumikie". Maneno ni ya Martin, ila lugha yenyewe kamili ya Valyria kwenye tamthilia kaitunga mtaalamu wa lugha David J. Peterson. Msibani usiijaribu.