Kisu cha kukunja kilichopinda: kinamfaa fundi umeme kama kisu cha pili?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni kijana wa waya hapa Tanga. Nina kisu cha kukunja cha kawaida, bledi imenyooka, nakitumia kila kitu, kuchuna waya mpaka kukata mkate. Kuna mshkaji kaniambia niongeze kile kilichopinda kama mdomo wa tai kiwe cha pili mfukoni. Kina maana au urembo tu? Na kinanolewaje, maana kwenye jiwe langu naona hakikai. Vile vyenye pete ya kidole je?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kina maana, tena sana kwa kazi yetu, ila kiwe cha pili kweli, usije ukakiacha hicho ulichonacho nyumbani ukadhani umepata mbadala wake.

Tofauti yenyewe iko hivi. Kisu kilichonyooka ukikivuta kwenye kamba, kamba inateleza kuelekea nchani na ikifika huko inachomoka, unaanza upya. Kilichopinda kinafanya kazi kama mundu, makali yako upande wa ndani wa pindo, kwa hiyo kadiri unavyovuta ndo kamba inazidi kuingia, haina pa kukimbilia. Ndo maana mafundi kapeti wanakipenda, watu wa kupogoa miti wanakipenda, na wewe kitakufaa kwenye kamba za manila, mishono ya viroba, zip tai, na ganda la nje la waya. Sasa chukua kisu hichohicho ukate nyanya juu ya ubao uone, kinagusa ncha tu, makali mengine yote yananing'inia hewani. Kusukuma, kuchonga, kupaka siagi, hapo rudi kwa mzee wako aliyenyooka.

Kwenye waya sasa. Chukua ule bapa wa milimita za mraba 2.5 wa soketi, unaoitwa twini na ethi, yaani nyaya mbili za umeme (laini na nyutro) pamoja na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Aina nyingi za huo waya ethi yake iko katikati na ni shaba tupu, laini na nyutro ziko pembeni zimevaa maganda yao. Weka ncha katikati kabisa ya upana, gandamiza taratibu mpaka usikie imegusa shaba, halafu vuta kuelekea mwisho wa waya. Ncha inaifuata ethi yenyewe, ganda la nje linapasuka, maganda ya laini na nyutro hayaguswi. Mkono ulioshika waya ukae nyuma ya kisu, na mwisho wa waya upite pembeni ya mwili wako, usielekee tumboni wala pajani, maana ganda likiisha ghafla kisu kinakuja na nguvu zako zote. Ukikuta ethi nayo imevishwa ganda la kijani na njano basi mbinu hiyo haipo, pasua juujuu tu usifike ndani, umalizie kwa kuchana na mkono. Mi ncha yenyewe huwa naigusisha msasa kidogo ipungue ukali, isichimbe shaba, makali yaliyobaki nayaacha yawe wembe. Na haya yote umeme umezimwa na umepima, sio umezimwa kwa maneno ya mwenye nyumba. Vifaa vya kugusia umeme unaowaka vina insulesheni na alama ya 1000 V kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, kisu cha mfukoni chenye pini na skrubu za chuma hakimo kwenye kundi hilo.

Loki, ile ya kuishika bledi isijikunje yenyewe, ndo sehemu ambayo watu wengi hawaifikirii. Ukiwa unavuta, nguvu inaielekeza bledi izidi kufunguka, kwa hiyo hata kisu kisicho na loki utakiona kimetulia, unakiamini. Shida inakuja ncha ikinasa, labda imezama kwenye ganda nene la kebo ya ardhini au kwenye kapeti, wewe unakisukuma mbele ili uichomoe au unakitikisatikisa. Hapo nguvu imegeuka, sasa inaivuta bledi ijifunge, na vidole vyako viko palepale kwenye njia yake. Kwa hiyo cha kukunja kilichopinda nakushauri uchukue chenye loki, na kikinasa usikisukume, shika waya vizuri, ukilaze kisu na ukitoe kwa njia ileile kilikoingilia. Ukiwa dukani kifungue, kishike mpini, gandamiza mgongo wa bledi kwa kiganja, kikicheza kirudishe kwenye kabati lao.

Aina ziko nyingi. Klein Tools wa Marekani wanatengeneza cha kupasulia waya kabisa. Opinel wa Ufaransa wana cha kupogolea, bei yake haitishi, loki yake ni ile ringi ya kuzungusha waliyoanza nayo 1955, ubaya wake mpini ni wa mti na mti ukinyonya unyevu unavimba, kisu kinagoma kufunguka, na Tanga unyevu mnaujua wenyewe. Spyderco wana Tasman Salt, hicho chuma chake kimetengenezwa kwa ajili ya maji chumvi, ila bei yake ni ya mtu aliyeamua. Kwa kazi yako bledi ya sentimita 6 hadi 8 inatosha, refu zaidi ya hapo inakusumbua tu ndani ya boksi la soketi.

Kunoa: jiwe bapa kweli halifai, litakula ncha na kisigino (makali ya karibu na mpini) na katikati halifiki. Tafuta kijiti cha mviringo, kipande cha mpini wa fagio kinafaa kama pindo la kisu ni pana, ila kiwe chembamba kuliko pindo lenyewe. Kizungushie msasa wa maji namba 400. Paka makali maka peni, halafu sugua kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, usifanye kinyume, makali yatachana msasa. Shika pembe ya kama digrii 20, ukiona wino umebaki karibu na ukingo ujue umelaza sana, inua kidogo. Ukipapasa upande wa pili ukasikia kiukingo kinakwaruza, yaani chuma chembamba kilichojikunja kwenye makali, hamia upande huo. Maliza na 800 halafu 1000. Kama umenunua chenye meno, noa upande wenye mabonde tu, ule mwingine unaupitishia mara moja kuondoa kiukingo basi.

Vile vya pete ya kidole ni karambit, asili yake huko Sumatra kwa Waminangkabau, na inasemwa vilianza kama vifaa vya shamba. Vya kisasa vya dukani vingi vimechorwa kwa mapigano. Kwenye ngazi sitaki kidole changu kifungwe kwenye kisu, glovu nene haipiti kwenye pete, na askari akikikuta mfukoni usiku utaeleza habari za twini na ethi mpaka uchoke. Hata hiki cha kawaida kikae kwenye begi la kazi pamoja na praizi na testa, na ukipanda ndege kiende kwenye mzigo wa chini. Mafundi wetu mlioko Uingereza, huko cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3 ndo mnatembea nacho bila maswali, chenye loki lazima uwe na sababu ya kueleweka kama kazi.

Halafu jioni kifute, tone la mafuta ya cherehani kwenye pini ya kukunjia, kikunje na kukikunjua mara kadhaa, vumbi la ukuta uliochimbwa linaingia humo na ndo linaloua loki kabla kutu haijafika.