Lishe Yetu: Anayekula Vibichi Tu, Safarini Atakula Nini?

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaokula mimea tu, tena isiyopikwa, na zote zinahusu safari. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyobeba mambo mengi.

SWALI: Ndugu mwandishi, habari za kazi. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, ninaishi Dar es Salaam, na kwa miezi minane sasa sili kitu chochote kitokanacho na mnyama wala kilichopita motoni. Nyumbani sina shida, maana soko liko karibu na jiko ni langu. Taabu huanza ninapotumwa mikoani. Safari iliyopita nilipanda basi alfajiri pale Mbezi kwenda Mwanza, nikiwa na ndizi sita na pakiti moja ya korosho. Tulipofika Singida nilikuwa natetemeka kwa njaa, nikala sahani nzima ya kachumbari katika hoteli tuliyosimama, na siku mbili za kwanza za kazi zikaishia chooni. Wenzangu wananishauri niache utaratibu huu kila ninaposafiri. Je, ipo namna ya kuushika bila kuumia? Na ule muhogo mbichi unaouzwa mitaani pamoja na nazi na karanga, naweza kuutegemea?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, pole kwa yaliyokupata. Huna haja ya kuacha utaratibu wako kwa sababu ya safari, ila inakubidi ukubali jambo moja ambalo wengi wanaokula vibichi hawapendi kuambiwa. Moto hauivishi chakula tu, bali pia huua vijidudu vilivyoletwa na maji, mikono na visu vya watu usiowajua. Wewe umeamua kuishi bila moto. Basi kazi hiyo lazima ifanywe na kitu kingine, na ukiwa njiani kitu hicho ni ganda la tunda lenyewe. Ndizi, chungwa, parachichi, nanasi, papai, dafu na tikiti vimefungwa na maumbile, na ukivisafisha kwa nje kisha ukavimenya kwa mkono safi na kisu chako mwenyewe, hatari inayobaki ni ndogo sana. Kachumbari haina ulinzi huo. Nyanya na vitunguu vimekatwa asubuhi kwa kisu kilichokata nyama, pilipili imeoshwa katika beseni lililokwisha kuosha mengine, kisha sahani imekaa kwenye joto hadi basi lenu lifike. Ndimu inayokamuliwa juu yake, wala siki, haitoshi kuua vilivyomo. Tukumbuke kwamba mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliendelea kuzunguka mikoani hadi 2018, na ugonjwa huo husafiri kwa maji machafu na kwa vyakula vilivyooshwa kwa maji hayo. Mimi mwenyewe niliwahi kuiamini kachumbari ya njiani, na nilimwomba konda asimamishe basi tukachimbe dawa mara tatu kabla ya kufika Nzega. Tangu siku hiyo kachumbari naila nyumbani tu.

Kwa hiyo kanuni yako ya barabarani iwe hivi: kisichokuwa na ganda la kumenya, usikile isipokuwa umekiosha mwenyewe kwa maji unayoyaamini. Matunda yaliyokwisha kukatwa na kupangwa kwenye vikopo vya plastiki pale stendi, hata yakiwa yanang'aa namna gani, yaache. Zabibu za Dodoma zinazoletwa dirishani nunua ukipenda, lakini zifunge zikusubiri hadi ufike mahali penye maji safi. Kwa kuoshea, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji yaliyotiwa vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa kwa muda unaoelekezwa, ambao kwa kawaida ni nusu saa. Wapo wanaoona kwamba maji yaliyochemshwa yanavunja mwiko wao. Huo ni ushabiki. Maji hayana kirutubisho cha kuharibiwa na moto, na kwa anayesafiri ndiyo kinga yake ya kwanza.

Sasa tuje kwenye njaa iliyokukamata Singida. Ndizi mbivu moja ya kadiri ina takriban kalori 100, hivyo sita zilikupa 600 hivi, na mwanamke mwenye shughuli za kawaida huhitaji karibu 2,000 kwa siku. Pakiti ndogo ya korosho haikuweza kuziba pengo hilo. (Tena, kwa kuwa unajali suala la moto, ujue kwamba korosho hata zikiwa nyeupe zimepata joto, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na kabla ya kubanguliwa hupikwa kwa mvuke au huchomwa.) Kosa la wanaoanza ni kubeba matunda yenye maji mengi, yanayojaza mkoba na tumbo lakini hayana nguvu ya kumfikisha mtu Mwanza. Robo kilo ya karanga ina takriban kalori 1,400, na robo kilo ya tende ina karibu 700. Vyote viwili vinaingia kwenye mkebe mmoja wa kukalia mapajani. Ongeza parachichi mbili na ndizi zako sita, na utafika ukiwa na uwezo wa kusoma vitabu vya hesabu usiku uleule.

Parachichi zinahitaji hesabu yake. Usinunue zote zikiwa zimeiva, kwa maana mtikisiko wa basi na joto la kwenye kibebeo cha juu utazigeuza uji kabla ya Gairo. Bonyeza kidogo karibu na kikonyo: moja iwe inabonyea, hiyo ni ya leo mchana, ya pili iwe ngumu kiasi, ya kesho, na kama unakaa wiki nzima, nyingine ziwe ngumu kabisa, uzifunge kwenye gazeti na kuzilaza pamoja na ndizi mbivu ili ziive chumbani kwako. Beba kisu kidogo chenye ala, kijiko, kitambaa safi na chupa ya maji ya kunawa ambayo hutaichanganya na ya kunywa. Na maji ya kunywa uyanywe. Najua kinadada wengi hujinyima maji kwenye basi wakihofia vyoo vya njiani, lakini tende na karanga bila maji zitakufungisha choo hadi urudi nyumbani.

Karanga nazo zina jambo lake. Mbegu zilizovunwa au kuhifadhiwa vibaya huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 Tanzania ilipata vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa chanzo hichohicho. Kukaanga hakuiondoi, kwa hiyo anayekula karanga mbichi hana hasara kubwa kuliko mwenzake, ila mnaokula karanga kila siku mnaikaribia zaidi. Zimwage karanga zako kwenye ungo kabla ya safari, uzichambue kwa mkono, na kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye vumbi la ukungu uitupe. Ukionja moja ikawa chungu, iteme na usukutue.

Kuhusu muhogo wa mitaani, najua utamu wake, hasa ukitafunwa na kipande cha nazi jioni. Vipande viwili au vitatu vya muhogo mtamu uliomenywa vizuri si neno kwa mtu mzima mwenye afya, lakini usiufanye mlo. Muhogo una viambata vinavyotoa sayanaidi, vingi zaidi kwenye maganda na kwenye muhogo mchungu, na wewe ukiwa ugenini huwezi kujua muuzaji kachimba wa aina gani. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, uliwapata watu wa Kongo na hata wa mikoa ya Mara na Mtwara waliokula muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo huku wakikosa protini ya kutosha. Mtu anayekula vibichi tu, tena akiwa na njaa ya safari, ndiye wa mwisho kupaswa kushibia muhogo mbichi.

Nikutahadharishe pia juu ya mbegu za kuotesha, kwa kuwa nimeona wengine wakishauriana kubeba choroko zilizolowekwa ndani ya mkebe ili zichipue njiani. Unyevu na joto la ndani ya basi, vinavyoiotesha choroko, ndivyo vinavyokuza bakteria. Mwaka 2011 nchini Ujerumani machipukizi ya uwatu yaliyokuwa na bakteria yalisababisha vifo vya watu zaidi ya 50, katika nchi yenye maji safi na majokofu kila nyumba. Otesha nyumbani, chini ya uangalizi wako, na safarini pumzika. Maharage mekundu usiyale mabichi popote pale, hata yakilowekwa usiku kucha, kwani sumu yake huondolewa na kuchemsha sawasawa tu.

Mwisho kwako, jambo lisilohusu basi: vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na mimea haina chanzo cha kuaminika cha vitamini hiyo. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, na ndiyo maana miezi minane hujaona tatizo. Akiba ikiisha huja uchovu, upungufu wa damu na ganzi ya miguu ambayo ikichelewa kutibiwa inaweza kubaki. Nunua vidonge, uvitie kwenye mkoba mmoja na vile vya klorini.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Dodoma, nimeoa Kagera. Mwezi ujao tunakwenda Bukoba kwa wazazi wa mke wangu, safari yangu ya kwanza tangu nianze kula vibichi. Kule mgeni asipokula ndizi zilizopikwa ni kama amekataa nyumba. Mke wangu amenishauri niseme nina vidonda vya tumbo. Nifanyeje?
Mkwe, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiseme una vidonda vya tumbo. Kwanza, uongo wa ugonjwa huzaa huruma, na huruma ya mama mkwe huzaa uji, supu na dawa za kienyeji, zote zikiwa za moto. Pili, siku utakapoonekana unatafuna nanasi zima lenye uchachu, utaulizwa ni vidonda gani hivyo.

Mwache mkeo ampigie mama yake simu siku tatu au nne kabla, aongee naye kwa lugha yao na kwa utulivu, amweleze unachokula badala ya kuorodhesha usichokula. Kinachomuumiza mwenyeji ni kupika tangu alfajiri halafu sahani irudi ilivyo mbele ya majirani. Akijua mapema kwamba mkwe wake anataka ndizi mbivu, parachichi, nanasi na karanga, vitu ambavyo Kagera havina uhaba, atavitafuta vilivyo bora na kujivunia kukulisha. Nawe usiende mikono mitupu. Kikapu cha zabibu za Dodoma kama ni msimu wake kitafungua mazungumzo vizuri. Wakati wa kula kaa na wenzako, nawa nao, kula vyako hapohapo, wala usijitenge chumbani.

Utaletewa pia kahawa ya kutafuna, ambayo kwa Wahaya ni heshima ya mgeni. Buni hizo huchemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha hukaushwa, kwa hiyo kwa sheria zako si mbichi. Kwa maoni yangu, ipokee kwa mikono miwili na uitafune. Punje mbili za kahawa hazitaharibu chochote mwilini mwako, na utaratibu wa kula usioweza kustahimili punje mbili una tatizo lake lenyewe. Senene ni habari nyingine, kwa kuwa ni mnyama. Hapo kataa kwa upole, na shemeji zako watafurahia fungu lako.

SWALI: Naitwa kumtembelea binti yangu Ujerumani, nikitokea Mombasa. Nakula matunda na mboga mbichi pekee. Je, ndegeni nitapata chakula, na naweza kumpelekea maembe?
Baba wa watoto wanne, Mombasa

JIBU: Mzee wangu, chakula cha ndegeni huagizwa mapema. Mashirika mengi ya ndege hutumia alama zilezile za herufi nne: RVML ni mlo wa mboga na matunda mabichi, na FPML ni sahani ya matunda. Mwombe wakala aliyekukatia tiketi aiandike alama mojawapo, walau saa 48 kabla ya safari, kisha uthibitishe unapokabidhi mizigo. Si kila shirika lina RVML, na mchuzi wa saladi huweza kuwa na maziwa, hivyo uulize kabla ya kuumimina. Kama una safari mbili za kuunganisha, hakikisha maombi yameingizwa katika zote mbili. Beba na akiba ya tende na lozi; siagi ya karanga iache au uitie kwenye sanduku kubwa, kwa sababu katika viwanja vingi huhesabiwa kama kimiminika na huzuiwa ikizidi mililita 100, na kisu chako cha matunda nacho kisafiri kwenye sanduku hilo.

Maembe hapana. Tangu Desemba 2019 abiria anayeingia Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingiza matunda mabichi bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa aina tano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Mpelekee binti yako nazi mbili zilizofuliwa na nanasi moja lisiloiva sana, uvifunge vizuri katikati ya nguo, na ukifika usivifiche ukiulizwa forodhani.