Mkuu, usinunue hicho kidude cha kufukuza panya kwa mlio

Mleta uzi, rudisha pesa mfukoni kwanza. Unauliza vidude vingapi vya kilohezi 22 (kipimo cha wembamba wa sauti) vinatosha ghala la mahindi Kibaigwa, bei yake, na kama vitasumbua mbwa. Hata kimoja usinunue.

Aliyeniuzia mimi, hapa Dodoma mjini, alikuwa na maneno matamu kuliko ubuyu wa sukari. Eti panya akiogopa hulia kwa kilohezi 22, binadamu hasikii, kwa hiyo ukimpigia mlio huo anatimka. Ubaya ni kwamba nusu ni kweli: panya hulia hivyo, na sikio letu linaishia kama kilohezi 20. Ila panya hazaliwi akiuogopa mlio huo. Watafiti walichapisha mwaka 2012: panya wa maabara wasiowahi kuumizwa hawakuujali sana. Walioganda kwa hofu ni wale waliokuwa wamepigwa shoti za umeme miguuni wakalia wenyewe, wakaunganisha kilio chao na maumivu. Na mlio wowote wa kufundishwa hivyo, ukirudiwa bila shoti, hofu inafifia.

Sasa panya wa kwangu nani aliwapiga shoti? Walisikiliza huku wanakula. Kule Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu, hufundishwa kwamba mlio wa "klik" maana yake chakula. Na mimi nikafungua chuo changu, tena kwa luku yangu!

Kilichoniua si bei ya kidude, ni kukiamini. Nilimgawa paka kwa jirani asisumbuliwe na mlio. Matundu sikuziba. Magunia nikayabana hadi ukutani, kumbe mlio wa aina hiyo haupenyi gunia. Nyuma yake wakazaliana kwa raha zao. Bei ya mahindi ilipopanda nikafungua ghala: safu zote za chini pumba na mikojo, mnunuzi akanusa akaondoka. Muuzaji nikimpigia hasikii, labda simu yake nayo inaita kwa kilohezi 22. Marekani tume ya biashara ilishawaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vidude hivi mwaka 2001, huku bado tunauziwa kama habari mpya.

Ziba kwanza, mkuu. Tundu la kupitisha kidole gumba linampitisha panya. Wavu wa chuma na saruji, bati chini ya mlango, magunia juu ya chaga, na nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta. Tuma picha ya kizingiti chako nikuonyeshe wanapoingilia.