Paka wako akikohoa, anza kwa kuhesabu pumzi

Paka akikohoa, watu wa huku kwetu Tanga wana majibu mawili. La kwanza, amekwamwa na mwiba wa samaki. La pili, amemeza nywele zake. Yote mawili hutokea, sikatai. Lakini paka akikohoa leo, akakohoa tena wiki ijayo, wala hatoi kitu, basi mara nyingi shida iko kifuani. Paka wangu, Pilipili, ana pumu. Ndiyo, pumu ile ile ya binadamu: njia za hewa zinavimba kwa ndani, zinajaa ute mzito, misuli yake inabana, na hewa inapita kwa taabu. Haiambukizi, kwa hiyo wageni wangu mnaoruka kochi mkimsikia, tulieni.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikimweka kwenye status, kuna mtu atajibu, "Mbona hata wangu hufanya hivyo?" Sasa tutofautishe.

Paka anayetaka kutapika nywele, tumbo lote linapiga, linajivuta, na mwisho wake utafuta kitu sakafuni. Mwenye pumu anajikunyata chini, viwiko vimetoka nje, shingo ameinyoosha mbele kama anachungulia uvunguni. Inatoka sauti kavu ya kukwaruza, mfululizo, kisha anameza mate, anajilamba mdomo, na kuendelea na safari yake. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Akishamaliza anaonekana mzima kabisa, anadai chakula, na wewe unasahau.

Ukiona hivyo, chukua simu umrekodi. Paka akifika kwa daktari huganda. Hakohoi, hasogei, anakutazama tu kama hakujui, na daktari anabaki na maneno yako. Video fupi inayoonyesha mwili mzima, ubavu ukionekana, itamsaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Kisha hesabu pumzi. Msubiri alale fofofo. Asiwe anakoroma kile kikoromo cha raha, maana hapo hesabu inaharibika. Tazama ubavu: ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Paka mzima aliyelala hupumua kati ya mara 15 na 30 kwa dakika. Ikizidi 30 siku moja, rudia kesho yake. Ikiwa inazidi kila unapohesabu, nenda kwa daktari. Ikivuka 40 naye kalala, nenda siku hiyo hiyo. Mimi huandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la vipuri, pembeni ya tarehe. Siku za kawaida za Pilipili ni ishirini na kitu. Namba ikianza kupanda, huwa najua kuna jambo kabla hajakohoa.

Na hili lishike hata ukisahau mengine yote: mbwa kuhema mdomo wazi ni kawaida yake, paka sivyo. Paka aliyetulia anayepumua kwa mdomo, au ambaye ufizi wake umegeuka kijivu au buluu, hana muda wa kusubiri asubuhi.

Daktari wa mifugo wa huku siku yake nyingi inaishia kwa ng'ombe wa maziwa. Ukimpelekea paka kwenye kapu, wengine kwenye foleni watacheka. Waache. Daktari aliyempokea Pilipili hakucheka. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akauliza maswali ambayo sikuyatarajia: anakula mijusi? Anatoka usiku? Ndani mnachoma nini? Swali la mijusi lina maana yake. Wapo minyoo wa mapafu wanaoishi ndani ya konokono. Mjusi, chura au ndege akila konokono, paka akamla yeye, minyoo wanahamia kwa paka. Kikohozi chake kinafanana sana na cha pumu, lakini tiba yake ni dawa ya minyoo. Ndiyo maana kinyesi kinapimwa kwanza. Kuna mafua ya paka pia, yale ya chafya, macho yenye matongo na vidonda vya ulimi, hasa kwa watoto wa paka. Hayo huletwa na virusi na yana chanjo. Na kuna moyo. Paka mwenye moyo mgonjwa au maji kifuani kwa kawaida hakohoi, anapumua haraka haraka tu. Dawa nzuri kwa pumu inaweza kumzidishia mgonjwa wa moyo, kwa hiyo anayekuuzia vidonge dirishani bila kumgusa paka, mshukuru uondoke. Kama kuna mahali pa kupiga eksirei ya wanyama mnapoishi, ipigwe; picha ya kifua hupunguza kubahatisha.

Lile swali la tatu ndilo lililotupa kazi. Ndani mnachoma nini? Nikaanza kutaja, nikaona orodha haiishi. Udi. Ubani. Dawa ya mbu ya kuwasha. Jiko la mkaa mlango wa nyuma. Shemeji na sigara zake barazani, moshi unaingia dirishani. Dawa ya mende ya kupulizia. Fikiria paka anaishi wapi: sakafuni, chini ya kitanda, pale pale dawa ya mbu inapowekwa. Halafu moshi unatua kwenye manyoya, na manyoya anayalamba mwenyewe kutwa nzima. Kile unachokivuta wewe mara moja, yeye anakivuta kisha anakila.

Dawa ya mbu ilikuwa rahisi. Tulinunua vyandarua vya vyumba vyote na wavu wa madirisha ya sebuleni, basi. Dawa ya mende tulibadilisha, siku hizi tunatumia ile ya kupaka kwenye nyufa. Jiko lilihamia uani, na anayechagua mchele au kupepeta unga naye anafanyia huko. Choo cha paka tulikuwa tunaweka unga wa mbao kutoka kwa fundi, bure kabisa, lakini kila akifukua vumbi linampanda usoni. Sasa ni mchanga mnene uliooshwa na kuanikwa. Ukinunua ule wa dukani, epuka wenye manukato, hata kama pakiti ina picha ya maua mazuri.

Udi ndio uliokuwa mtihani. Nyumba ni ya mama mkwe, na Alhamisi jioni chetezo lazima kizunguke vyumba vyote. Utaanzaje? Nilimsubiri amalize kunywa kahawa.

"Mama, daktari amesema moshi unambana Pilipili kifua."

"Moshi gani?"

"Wote, mama. Hata wa udi."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, nyumba isiyofukizwa usiku wa Ijumaa nyumba gani hiyo? Watu wakija wanuse nini, paka?"

Sikubishana. Nilimwonyesha ile video. Akaitazama mpaka mwisho, akaomba niirudie, akasema, "Masikini, kama marehemu baba yenu." Baba mkwe alikuwa na pumu. Kuanzia hapo hakunisubiri mimi; yeye ndiye aliyetoa hukumu. Nguo zinafukizwa uani. Chetezo kinaingia sebuleni tu, madirisha yote wazi, na kabla hakijawashwa yeye mwenyewe anamwita Pilipili kwa kichwa cha changu na kumfungia chumba cha mwisho mpaka hewa isafike. Ukiwa na mzee nyumbani mwenye mapenzi na vitu vyake, ushauri wangu ni huo: mwonyeshe paka anavyohangaika, halafu mwachie yeye apange. Ukija na amri ya daktari utapambana naye mwaka mzima.

Sikudai kwamba kuondoa moshi kunaponya. Pumu ya paka haiponi, inatulizwa. Lakini dawa ikipewa ndani ya nyumba yenye moshi inafanya kazi kwa shida, na ikipewa kwenye hewa safi mara nyingi kipimo kinaweza kupunguzwa, kwa idhini ya daktari.

Kuhusu dawa zenyewe. Msingi wake ni kutuliza uvimbe, si kuzuia kikohozi, kwa hiyo sahau dawa za maji za kikohozi. Wengi huanzishiwa prednisoloni ya vidonge. Soma jina vizuri dukani: prednisoni ni nyingine, na mwili wa paka hauigeuzi vizuri kuwa dawa inayofanya kazi. Kuna pia sindano moja ya steroidi inayokaa mwilini wiki kadhaa. Inavutia kwa sababu humshiki paka kila siku, lakini ikirudiwa rudiwa inaweza kumletea kisukari, na ikishaingia huwezi kuitoa. Ulizia njia nyingine kwanza.

Njia nyingine ni pampu. Watu hucheka nikisema paka wangu anapuliziwa pampu, lakini ni pampu zile zile za famasi. Flutikasoni ni ya kila siku na huchukua wiki moja hadi mbili kufikia nguvu yake kamili, ndiyo maana vidonge huendelea mwanzoni. Salbutamoli ni ya dharura tu, inafungua njia za hewa ndani ya dakika chache. Haitulizi uvimbe, na ukiifanya ya kila siku inaweza kuzidisha tatizo. Paka hawezi kuambiwa "vuta", kwa hiyo kunahitajika kile kichupa kirefu chenye kikombe cha kufunika uso. Vipo vya paka, huku ni adimu. Sisi daktari alituruhusu kutumia cha watoto wachanga.

Kumzoesha ndiyo sanaa. Weka kikombe sakafuni na dagaa ndani, aingize uso mwenyewe. Fanya hivyo siku kadhaa bila dawa. Kisha kigusishe usoni kidogo, dagaa. Kidogo zaidi, dagaa. Ukianza na dawa, bonyeza pampu ndani ya kichupa kwanza ndipo umwekee usoni, kwa sababu ule mlio wa "tss" unafanana na paka mwenzake akimfokea, naye atakimbia. Akivuta pumzi saba hadi kumi ndani ya kikombe, imetosha. Dagaa.

Vya kutompa ni vingi, nitataja vinavyoua. Paracetamol: kidonge kimoja cha kawaida kinatosha kumuua paka, kwa hiyo usikate hata robo. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin: humtia mtetemeko na degedege, hata akilala tu karibu na mbwa aliyepakwa muda si mrefu. Mafuta ya mkaratusi na dawa za kuchua zenye menthol na kafuri ni sumu kwake pia. Na tafadhali, usimpigishe paka nyungu. Nimeshaulizwa hilo zaidi ya mara moja.

Kama paka wako hakohoi ila anajikuna mpaka shingo na kiuno vinatoka upele na kunyonyoka manyoya, huo ni mzio wa ngozi na mara nyingi chanzo ni mate ya viroboto. Paka mwenye mzio huo hahitaji viroboto wengi. Mpe dawa ya paka, fua matandiko, wape dawa paka wote wa nyumba. Mzio wa chakula upo, na samaki, kuku na ng'ombe ndio washukiwa wakuu, lakini kuujua kunataka wiki 8 za chakula cha aina moja ambacho hajawahi kula, bila kuonjeshwa kingine, na kwa nyumba ambayo kila mtu anamrushia kichwa cha samaki hilo linahitaji kikao cha ukoo.

Jambo la mwisho, liandae leo. Uwe na namba ya daktari na uulize kabisa kama anapokea simu usiku. Uwe na kapu la plastiki lenye matundu pande zote. Boksi lililofungwa linamkosesha hewa. Akizidiwa, usimlazimishe maji, usimkumbatie kifuani, usimkamate aliye na shida ya pumzi kwa nguvu ili tu umwangalie mdomo. Mpe salbutamoli kama aliandikiwa, mweke kwenye kapu, funika nusu kwa kanga nyepesi, na ndani ya bajaji liweke kapu sakafuni ulishike kwa mikono miwili. Ukiwa njiani mpigie daktari, umtajie pumzi ulizohesabu, rangi ya ufizi, na dawa ya mwisho aliyopata saa ngapi.