Kiti hufuata soketi: kwa mnaoanza kupanga sehemu za diskasheni chuoni

Wadogo zetu mlioingia juzi kwenye ofisi za milki, zile zinazosimamia majengo ya chuo, hapa Mwanza na kandokando ya ziwa, tumeziona ramani zenu. Meza kubwa katikati, soketi ukutani, masofa karibu na mlango. Ramani za namna hii zimeshafeli mara nyingi, na inauma kuona ada za watoto wa watu zikienda huko tena. Tusikilizane kidogo.

1. Hesabu watu kwanza, meza baadaye. Pita saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 2 usiku, wiki ya kawaida na wiki ya kuelekea UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Andika wamekaa wapi na wako wangapi kwa kundi. Utakuta makundi mengi ni ya watu 4 hadi 6, na utayakuta kwenye ngazi, chini ya mwembe, au upande wa mashariki wa jiwe kubwa, maana alasiri kivuli ndiko kinakoangukia. Jiwe hilo usilipasue. Kivuli cha bure cha namna hiyo huwezi kukijenga kwa bajeti yako.

2. Kadiria mita 2 za mraba kwa mtu. Chumba cha mita 8 kwa 10 ni watu 40, basi. Ukibana 60, viti havisogei tena.

3. Umeme. Hapa tukae, kwa sababu hili ndilo kosa letu kubwa, na tuseme wazi kwamba ni letu sisi watu wa milki, wala si la fundi. Fundi umeme anaingia ukuta ukiwa bado matofali. Anauliza soketi ziende wapi. Sisi ramani ya fanicha hatuna, tunamwambia "weka za kawaida", naye anaweka mbili kila ukuta, sentimita 30 kutoka sakafuni, kama sebuleni kwa mtu. Miezi kadhaa baadaye zinaletwa meza nzuri za kusogezwa, chumba kinafunguliwa, na ndani ya wiki moja kila kitu kimehamia ukutani. Katikati ni uwanja mtupu. Waya wa chaja ya laptopu hufika kama mita 2 tu, na mwenye betri ya asilimia 9 hakai mbali na soketi hata umwekee kiti cha dhahabu. Wanaobaki katikati wanaleta ekstensheni, inaunganishwa kwenye ekstensheni nyingine, nyaya zinapita njiani, na meza tuliyosema inasogezwa inafungwa na waya pale pale. Tunaandika tangazo la kukataza ekstensheni. Tangazo halichaji laptopu.

Fanya hesabu. Laptopu 40 za wati 65 ni wati 2,600. Kwa volti 230 hiyo ni kama ampia 11. Mzigo huo si mkubwa. Kinachoangusha breka ni birika la umeme: wati 2,000 peke yake, karibu ampia 9. Jumlisha, umeshafika 20, na breka ya soketi zile ni ya 20. La pili likichomekwa, soketi zote za chumba zinakata. Na likichomekwa kwenye ekstensheni yenye waya mwembamba uliokunjwa bunda, waya unapata moto kabla breka haijashtuka. Basi toa sehemu ya birika nje ya chumba, na laini yake peke yake.

Dawa ya chumba hicho cha 8 kwa 10 ni mgongo wa katikati: ukuta mfupi wa matofali, urefu mita 6, kimo sentimita 105, ukibakiza mita 2 kila mwisho kwa kupita. Kila upande weka soketi pacha 6, nafasi ya mita moja moja, sentimita 85 kutoka sakafuni. Kimo hicho kina sababu: meza ni sentimita 74, kwa hiyo waya unalala juu ya meza, miguu haiugusi, na maji ya usafi hayafiki. Masanduku ya soketi ya sakafuni yaacheni; sakafu zetu huoshwa kwa kumwaga maji na kusukuma, na mfuniko ukivunjika tu yamekwisha. Waya milimita 2.5 za mraba, laini mbili, moja kila upande, ili upande mmoja ukikatika mwingine ubaki. Weka na kikata umeme unaovuja cha miliampia 30. Ramani ya fanicha ifike kwa fundi kabla ya plasta. Rudia kuisoma sentensi hiyo.

4. Meza iwe sentimita 120 kwa 60. Inapita mlangoni, na mbili zikikutana ni mraba wa watu 6. Juu plaiwudi ya milimita 18 na fomaika. Chipubodi huvimba kingo na skrubu hulegea. Miguu ya skwea paipu ya inchi moja, unene milimita 1.5. Inakuja kama kilo 15, msichana mmoja anaisogeza bila kuita mtu. Ile ya 240 kwa 120 inapita kilo 50 na haitaondoka ilipowekwa siku ya kwanza. Kofia za miguuni ziwe za kugongea ndani ya bomba. Mpira wa kuvalisha nje hukatwa na ncha ya chuma, kisha vigae vinachorwa.

5. Sofa ya watu watatu hukaliwa na mmoja na begi lake. Nunua viti vya kupandana, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, 50 kwa watu 40.

6. Vimbweta, yaani meza na benchi za kujengea za nje: meza sentimita 75, benchi 45, na ukingo wa benchi uwe chini ya ukingo wa meza au nje kwa sentimita 5. Waashi wengi huacha pengo la sentimita 25, na anayeandika anainama kama anayefua. Uso wa meza uteremke sentimita moja ili mvua isituame. Upande mmoja usiwe na benchi, mwenye kiti cha magurudumu aingie, na chini ya meza kubaki 70 za magoti.

Taa ya kimbweta isimame mita 3 pembeni, mwanga wa njano, kamwe isiwe juu ya meza. Vijidudu vya ziwani vikipanda usiku vinaifuata taa, na asubuhi vimelala chini yake kama vumbi la mashine ya kusaga. Afadhali mfagiaji avikute kwenye nyasi.